Farasi Mweupe wa Akoth

Jumanne, 5 Agosti

Kwato kwenye lami ya mtaa wetu, Kianda, alfajiri. Ko, ko, ko. Bado ziko kichwani. Nilidhani naota. Nikafungua dirisha: farasi kweli, akitembezwa na Kilonzo, anayetunza farasi ng'ambo ya msitu.

Akoth, rafiki yangu tangu shule, anaolewa Jumamosi. Hajaamua nani atasimama naye kanisani kama msimamizi, mimi au rafiki yake mwingine, Yvonne wa Kawangware 46. Yvonne ameahidi gari jeupe la mjomba wake. Leo mchana nikajisikia nikimwahidi Akoth farasi mweupe. Akoth aliacha kula chipsi. Akasema nikimleta kweli, nafasi ni yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kilonzo hana farasi mweupe. Mpole wa kubeba bibi harusi ni mmoja tu, Waziri. Rangi ya chai ya rangi, singa nyeusi, mguu mmoja mweupe hadi gotini kama soksi ya shule. Katika paji la uso, nyota nyeupe. Niliitazama mpaka nikasahau nimefuata nini. Kisha nikaelewa. Weupe umeshaanza, unahitaji kusaidiwa uenee.

Kilonzo alikataa rangi ya nyumba. Akakataa dawa ya saluni. Akasema huyu ni mnyama, si ukuta wa kioski. Unga wa mahindi na maji akakubali, bora nimwoshe mwenyewe baadaye.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Waziri alikauka mweupe kabisa. Kwa muda mfupi alikuwa farasi wa usingizini mwangu.

Sikuwaza mbuzi. Wa kwanza alilamba mguu. Kufika karibu na kituo cha Olympic lilikuwa kundi zima, na Waziri amefumba macho kwa raha. Mama mboga akauliza hii ni harusi ama ni Krismasi ya mbuzi.

Tulifika kwa Akoth tukiwa na mabaka kama ng'ombe wa maziwa. Yvonne akasema, aki pole, kwani leo unauza maziwa? Akoth alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Kisha akaingia kwenye gari la mjomba. Yvonne ndiye aliyesimama naye. Mimi nilikaa benchi la nyuma, nikinuka uji.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwosha Waziri. Mbuzi walikuwa wamebakisha mgongo tu.

Kilonzo akanionyesha mtoto wa farasi, mweusi kama makaa. Huyu, akasema, ndiye atakuwa mweupe. Wa aina yake huzaliwa hivi, halafu hupauka mwaka baada ya mwaka. Tayari ana nywele nyeupe kuzunguka macho, kama amevaa miwani. Nilikaa nyasini nikamtazama akipauka. Nikaona kanisa, shela yangu, Akoth upande wangu. Yvonne hakuwepo popote.

Nikamwambia Kilonzo asimpe mtu mwingine, ni wa harusi yangu. Akauliza naolewa na nani. Nikamtaja Jeremy, anayepiga kinanda kanisani. Hatujawahi kupita "sasa" na "poa". Jioni nimepitia kwa mama yake, nikamwambia asiwe na haraka, tunasubiri farasi.