Mayai Sita kwa Silinda Sita

Jumatatu, 4 Machi
"Gasketi ikivuja, fungua injini siku hiyo hiyo." Ndivyo alivyotamka shemeji leo mbele ya mke wangu, ameshika kidevu kama daktari. Upuuzi! Oili inayochuruzika kidogo nje, kwenye kona ya nyuma ya injini, si ugonjwa. Ni jasho. Silinda sita zimejipanga mstari mmoja. Hedi ndefu vile, kifuniko cha injini kilichokalia gasketi nyembamba, itakosaje jasho? Mimi pia natoka jasho, na hakuna aliyenifungua kichwa. Nikamwambia hivyo. Akasema labda ingefaa.

Namjua. Jumamosi binti yangu anaolewa, naye anataka kumpeleka ukumbini kwa lile gari lake jipya lisilo na historia wala adabu. Thubutu! Binti ataingia na Bibi Mkubwa, gari langu la zamani, kama nilivyomwahidi tangu akiwa mdogo.

Jumanne, 5 Machi
Fundi amekuja. Kasema oili ya nje inaweza kusubiri harusi ipite. Ila maji ya kupoza injini yakianza kupungua kwenye rejeta, au moshi mweupe ukitoka, nisithubutu kuwasha tena. Nimesikia "inaweza kusubiri". Mengine yamechukuliwa na upepo.

Jumatano, 6 Machi
Maji yamepungua. Joto hilo. Moshi mweupe umetoka. Baridi hiyo. Mke wangu kauliza joto na baridi vimekutana wapi asubuhi moja. Nimemwambia asome zaidi.

Shemeji kapita, kanusa, kasema fundi akianza leo atamaliza kabla ya harusi. Ujanja mtupu! Injini ikifunguliwa, binti atapanda gari la nani?

Alhamisi, 7 Machi
Ute wa yai! Madereva wa zamani walitia kwenye rejeta, ukaiva, ukaziba panapovuja. Nimekuta trei jikoni. Silinda sita, mayai sita. Hesabu za darasa la kwanza.

Maji hayapungui! Nimezunguka nyumba ya shemeji nikipiga honi hadi mbwa wake akachoka kubweka.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu kaulizia mayai ya keki. Nimemsingizia paka. Akasema paka gani huyo anayepanga maganda juu ya boneti. Nimetumwa dukani mchana kweupe, kwa miguu. Shemeji kanipungia mkono.

Jumamosi, 9 Machi
Aibu! Kwenye kilima cha mwisho sindano ya joto ilipanda kuliko sisi. Moshi. Mlipuko. Kifuniko cha rejeta kikaruka, harufu ya mayai ya kuchemsha ikamfunika binti yangu pamoja na shela lake. Nilimwomba avumilie injini ipoe. Akaniuliza kama na bwana harusi naye apoe.

Nyuma yetu akatokea shemeji. Ana maji, ana kamba ya kuvutia. Kumbe alitufuata polepole tangu nyumbani! Nilingoja anicheke. Hakucheka. Kafungua mlango tu, kaniambia shemeji, ingia, mtoto anachelewa. Binti kanishika mkono, kasema anayemwingiza ukumbini ni mimi, si gari.

Nikaingia. Viti vyake ni laini. Hilo sitalisema popote.

Jumapili, 10 Machi
Fundi kafungua injini. Hedi imepinda. Kwenye njia za maji kakuta kifungua kinywa. Kasema Jumatano ingekuwa gasketi tu. Sasa ni hedi nzima. Shemeji alikuwepo, kaangalia angani kwa heshima. Nimemchukia zaidi.

Nimetafakari sana, kwa unyenyekevu. Kosa langu nimeliona: mayai yalikuwa machache.

Enyi wenye magari ya zamani, msitishwe na mashemeji! Jasho ni jasho! Na wewe, mke wangu, unayesoma hapa kila nikienda kuoga: binti wa pili ameshachumbiwa. Toa hiyo trei uliyoificha.