Chambo cha Panya wa Ghala la Bwana Miwani

Jumatatu, tarehe 12 mwezi wa sita, 1911

Tereza, andika. Mkwe wangu huyu kasoma misheni, basi kalamu yake, maneno yangu. Mambo makubwa! Bwana Miwani, yule Mjerumani anayekusanya vyombo vyetu hapa Dodoma, katuita mimi na Mwajabu, sisi wafagiaji wa ghala lake. Mle ndani kumejaa ngao, vibuyu, mazeze, ngoma. Vyote vinakwenda Ulaya, kwenye nyumba kubwa wanayoingia watu kutazama tu. Kutazama kibuyu! Mama yangu angekuwa hai angecheka mpaka akae chini.

Basi panya wanatafuna. Gari moshi linachukua mizigo Jumamosi. Bwana kasema mizigo ikishaondoka atakagua ghala, upande wangu na upande wa Mwajabu. Asiyekutwa na panya upande wake atapewa ufunguo, autie shingoni, aitwe mwenye ghala. Ufunguo wenyewe mrefu kama mwiko wa uji! Nimekaa kijijini Mkonze miaka yote hii sijaitwa mwenye kitu. Hata mbuzi walikuwa wa marehemu mume wangu.

Mitego kumi na miwili ya chuma. Sita yangu, sita yake. Chambo kila mtu achague mwenyewe.

Jumanne, tarehe 13

Bwana kwanza katupatia chambo cha kwao. Kinaitwa jibini. Maziwa yaliyokufa, yakazikwa, yakafufuliwa. Nimeonja. Nimetema. Panya nao hawakugusa, wana akili.

Mwajabu kaleta asali ya kwao Busi, kule Kondoa. Huyu mwanamke tangu atoke huko ni asali hii, asali ile, utadhani nyuki ni wajomba zake. Mimi nimetia karanga za kukaanga, nimezitwanga mwenyewe. Kanipa dada yangu wa Ipagala, ambaye goti linamsumbua, na mwanawe kaoa mwanamke asiyejua kusonga ugali. Haya, Tereza, hilo liache. Umeshaandika? Basi.

Halafu nikapaka samli ngao zangu zote, ngoma zote, vibuyu vyote. Ngozi haipelekwi safari ikiwa kavu! Itapasuka njiani, watu wa Ulaya waseme Wagogo hawana wanawake. Vinang'aa sasa, utavitamani.

Jumatano, tarehe 14

Aibu. Mwajabu kanasa panya wanne. Mimi hakuna! Karanga ziko vilevile, hata hazijanuswa. Ila ngao moja imeliwa ukingo wote. Mwajabu kaniuliza eti dada, panya wako wamefunga? Mbona Ramadhani bado? Akacheka na ufagio mkononi.

Nikabadili. Nikatia nyama kavu. Hakuna. Nikatia mlenda. Mlenda ukateleza, mtego ukajifyatua wenyewe, ukanirukia kwenye kanga. Nikarudi kwenye karanga. Zile ngoma nikaona zimefifia kidogo, nikaongeza samli.

Alhamisi, tarehe 15

Leo nilikuwa na akili nyingi. Mwajabu kaenda kisimani. Nikaingia upande wake nifute asali yake, nitie majivu. Taratibu. Kwa kidole kimoja.

Pa!

Nilipiga kelele mpaka punda wa stesheni wakajibu. Akaja Bwana, akaja Mwajabu na mtungi kichwani. Nikasema nilikuwa nampimia mwenzangu mtego kama una nguvu. Mwajabu akamwambia Bwana huyo naye ahesabiwe, ni panya mkubwa kuliko wote, basi tu hana mkia. Bwana akageuza uso, mabega yanamtikisika. Tereza, wewe pia unacheka. Nakuona.

Ijumaa, tarehe 16

Asubuhi Bwana akainamia ngoma yangu ya muheme, ile ya wanawake. Akanusa. Akauliza nani kapaka samli. Nikajibu kwa fahari, ni mimi! Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema mama, panya hawataki mtego wako kwa sababu umewapikia ghala zima. Akasema panya wa upande wa Mwajabu nao wamehamia kwangu. Mwajabu akasema sasa anausikia ufunguo shingoni, una baridi. Nikaambiwa nifute vyote kwa majivu kabla ya jua kuzama.

Wivu tu. Samli haijawahi kumdhuru mtu.

Nikafuta vyombo kwa nje. Nilipofika kwenye ile ngoma nikasikia ndani, chwi chwi chwi. Nikachungulia kwenye tundu la ngozi. Mama panya! Na watoto, na mashangazi, ukoo mzima umehamia! Nikaona ufunguo unaondoka. Nikamwaga karanga zote mle ndani ili wanyamaze. Loo! Waliokuwa nje nao wakaja, mmoja mmoja, adabu kabisa, kama watu wa msibani, wakaingia. Nikahesabu kwa vidole vya mikono, vikaisha, nikahesabu vya miguu. Alipoingia wa mwisho nikaziba tundu kwa kiraka cha ngozi. Kushona najua.

Jumamosi, tarehe 17

Masanduku yakapigwa misumari. Ngoma yangu nikaibeba mwenyewe, naimba kwa sauti ili isisikike kitu. Fundi wa masanduku akashangaa mbona nzito. Nikamwambia ngoma ya wanawake ina maneno mengi ndani. Gari moshi likalia, likaondoka.

Bwana akakagua na taa, kila kona. Upande wangu: hakuna! Upande wa Mwajabu: panya mmoja, mzima, kakaa juu ya mtego analamba asali, wala haogopi. Mwajabu akaapa kwamba huyo panya mgeni, hamjui.

Ufunguo ni wangu!

Jumapili, tarehe 18

Nimekwenda nao kanisani. Ni mzito, unanigonga kifuani kila nikipiga magoti. Watu wote wameona. Waliochelewa kuona nikawapitia majumbani.

Ila roho yangu ni ya huruma. Nimewaza siku watakayofungua ile ngoma Ulaya, katikati ya vitu vya kutazamwa. Watahangaika, maskini, na jibini lao. Basi nimemwambia Tereza awaandikie barua. Awaambie habari za panya waniulize mimi, mwenye ghala wa Dodoma. Wakiwaona wasihangaike na mitego, wapake samli vitu vyote vya nyumba ile, visibaki hata vya mfalme wao, kisha watulie wangoje.

Tereza kaweka kalamu chini, anasema mama, tafadhali. Nimemwambia aongeze mwishoni: wakikosa samli nzuri, mimi nitawatumia.