Mwandishi wa Barua ya Kiwanda cha Nyuzi

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba ukaguzi wa kiwanda cha zamani cha nyuzi, kilichogeuzwa makao ya sanaa na maakuli, umekamilika kwa mafanikio makubwa. Kiongozi wa msafara nilikuwa mimi, Mkurugenzi Msaidizi wa Majengo Yaliyostaafu. Msafara ulikuwa na watu wawili. Wa pili alikuwa shangazi yangu, niliyemteua Mtaalamu Mshauri kwa kuwa alisokota nyuzi humo miaka ishirini na miwili, na mimi njia sikuijua.

Ghala la pamba sasa lina picha kubwa kubwa. Chumba cha mashine kimekuwa mgahawa wenye viti visivyofanana kwa makusudi. Shangazi alipapasa nguzo ya chuma. “Hapa ndipo nilipokuwa natundika koti langu,” alisema. Niliandika: uhalisia upo.

Katika iliyokuwa ofisi ya meneja tulikuta watu wakicheka mbele ya fremu. Ndani yake mlikuwa na barua: “Tunayo furaha kuwajulisha wafanyakazi wote kwamba, kwa lengo la kuboresha mazingira ya kazi, kazi imeondolewa.”

“Huyu kiboko,” alisema dada mmoja mwenye miwani, akijifuta machozi. “Kejeli kama hii siku hizi hakuna wa kuiandika.”

Msanii aliyeitundika alisikitika kwamba mwandishi hajulikani. Barua aliiokota tu kabatini.

Nimeandika nyaraka za serikali miaka thelathini, na sijapata kumwona mtu akisoma hata moja hadi mwisho. Uvumilivu ulinishinda.

“Niliiandika mimi,” nilisema. “Nilikuwa karani bado, kule wizarani. Na haikuwa kejeli.”

Walinipigia makofi. Shangazi hakupiga.

“Wewe?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Si ulikuja nyumbani jioni ileile kunipa pole? Ukala sahani mbili.”

“Nilikuja kama mtoto wa kaka yako,” nilifafanua, “si kama mwakilishi wa ofisi.”

Alinitazama kama anayekagua uzi uliokatika. Kisha akanishika mkono, akanisimamisha kando ya fremu.

“Jamani, mwenyewe ndiye huyu,” aliwaambia. “Mwulizeni mnalotaka. Mimi nakwenda kula.”

Akaondoka. Wageni wakasogea. Yule dada mwenye miwani hakuwa akicheka tena.

“Kabla ya kuiandika,” aliuliza, “uliwahi hata kuingia humu?”

Nilimjibu kwamba swali lake limepokelewa, na linafanyiwa kazi.