Cherehani ya Mama Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 4 Agosti

Cherehani ya Mama imefika kwangu. Aliyeileta ni Dada, kwa shingo upande. Mama ameiacha nyumba ya zamani na anahamia kwa Dada, ila chumba chake bado kinanuka rangi, kwa hiyo vyombo vimetawanywa kwa muda. Mimi nimepewa cherehani na furushi la mapazia makuukuu. Dada kanionya nisiiguse. Kasema Mama ametamka kwamba itakwenda kwa anayejua kuitumia, na alipokuwa akisema hivyo akajitazama kwenye kioo cha sebuleni kwangu.

Dada anajua kushona. Sibishi. Lakini ni nani aliyekulia chini ya cherehani ile? Mimi, kitinda mimba. Nilikaa pale kwenye vyuma, kandambili za Mama zikipanda na kushuka karibu na sikio langu. Gurudumu lilikuwa usukani wa basi langu. Vipande vya kitambaa vilivyodondoka vilikuwa abiria. Sauti ile ndiyo iliyonipa usingizi wa mchana, na sijapata usingizi mtamu kama ule tangu hapo. Dada wakati huo alikuwa nje anaruka kamba.

Mama anakuja Jumapili kunywa chai. Mpango umeshakamilika kichwani. Atakuta meza imetandikwa kitambaa nilichokishona kwa mkono wangu, na juu yake biskuti zake za tangawizi nilizozioka mwenyewe. Atanyamaza, atafuta chozi, cherehani itabaki. Mke wangu kauliza itabaki wapi, maana imeziba mlango wa jikoni. Nimemwambia mambo makubwa huanza kwa kubanana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefunga kibanda changu cha kinyozi mapema nikaja kukata kitambaa. Katika furushi nimelikuta pazia la njano lenye majani ya kijani, lile la sebule yetu. Nikalinusa. Vumbi, na kwa mbali sabuni ya mche. Enzi zile, jua la jioni lilipolipiga, sebule nzima iligeuka njano, na Baba akisoma gazeti alionekana kama mgonjwa wa ini. Nilikaa nalo magotini kitambo.

Kisha nikachukua mkasi wangu wa kazini. Mkono unaonyoa vichwa vya watu wazima hauwezi kushindwa na pazia. Upande wa kushoto ukatoka mrefu kidogo. Nikaupunguza. Sasa wa kulia ukazidi. Kila kinyozi anajua hali hiyo: mteja hukaa akitaka apunguzwe kidogo tu, akainuka kipara. Nilipomaliza kusawazisha, kitambaa hakikufika hata ukingo wa meza. Mke wangu kauliza kama ni cha meza au cha kigoda. Nimemweleza kwamba siku hizi watu hutandika katikati tu.

Jumatano, 6 Agosti

Leo kushona. Nilianza vizuri sana. Mguu ulikanyaga, gurudumu likazunguka, na ile sauti ikaja. Ilikuwa ileile. Nikafumba macho ili niisikie vizuri.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, kama lipo. Nilipofumbua macho, pindo lilikuwa limeshonwa vizuri kabisa, na mkono wa shati langu ukiwa ndani yake. Mlango ukagongwa. Mke wangu hakuwepo. Ikabidi nikafungue mimi, pazia la njano likiburuzika mkononi mwangu. Alikuwa mwalimu wa chekechea ya mtaani, amekuja kuazima ngazi. Akanitazama toka juu hadi chini, akauliza kama nyumbani kuna msiba. Nimemwambia ni kazi za mikono.

Nilipojaribu kujifumua, sindano ikakatika. Shati limekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeachana na cherehani kwa leo, nimegeukia biskuti. Hizo nazijua. Nilizitazama zikitengenezwa utoto wangu wote: Mama anatwanga tangawizi mpaka macho yanawasha, anasugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole, anamimina sukari, anatia hamira, anakanda kidogo, anakata kwa mdomo wa glasi. Mimi nilipewa vipande vya pembeni, vibichi, na nikiumwa tumbo nilisingizia maembe.

Dukani nikaulizwa nataka hamira ya keki au ya mikate. Mama hakuwahi kusema hamira mbili. Nikachagua ya mikate, kwa sababu pakiti yake ilikuwa na picha nzuri. Nikakanda, nikakata, nikazipanga kwenye sinia, nikazifunika, nikaenda kunyoa mteja mmoja. Niliporudi, zilikuwa zimeumuka zikakumbatiana. Sinia zima lilikuwa kitu kimoja, kinapumua.

Nikatia kwenye oveni hivyohivyo. Mke wangu kaonja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema si mbaya. Kauliza zinaliwa kwa kisu au kwa mkono. Harufu, lakini, ilikuwa yenyewe. Nilisimama pale mlangoni, nimebanwa kati ya cherehani na kizingiti, nikawa na umri wa miaka sita.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwenye akili hutumia akili za wenzake. Nimemwendea Fundi Tepu, mshonaji tunayegawana naye baraza. Anaitwa hivyo kwa sababu ile tepu ya kupimia haimtoki shingoni, nadhani hata akioga. Hatuna uhusiano mzuri. Yeye hudai nywele za wateja wangu hupeperuka mpaka kwenye suruali za wateja wake. Mimi hudai hata hizo suruali hazina hadhi.

Nimemwomba anipindie kile kitambaa, kwa siri, nami nitamnyoa bure mpaka aseme basi. Akakigeuza, akakitazama kwenye mwanga, akauliza kilikatwa na nani. Nikasema mtoto. Kauliza mtoto wa nani, maana mimi wangu wote wameshaoa na kuolewa. Nikajifanya hamnazo.

Jioni alinirudishia, kimekunjwa ndani ya gazeti. Pindo limenyooka kama mstari wa wino. Mwanamume ana kiburi, lakini mkono anao. Nimekitandika mezani, nimeshukuru, sikukichunguza zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Walikuja Mama na Dada. Mama amepungua. Aliuacha mkoba kitini, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani akaipangusa kwa ncha ya mtandio, kama mtu anayempangusa mtoto pua.

Tukakaa. Nikatangaza, kwa unyenyekevu, kwamba kitambaa ni kazi yangu, na biskuti pia. Dada kakohoa. Mama akachukua kipande, akamega, akatafuna, akasema mkate huu umekolea tangawizi. Nikakubali kwamba ni mkate.

Halafu akakamata pembe ya kitambaa, akaigeuza. Kwa ndani kulikuwa na kijitambaa cheupe cha alama ambacho Fundi Tepu hushonea kila nguo inayotoka mikononi mwake, kimeandikwa jina la kibanda chake kwa uzi mwekundu. Mama akakisoma. Kisha akaniambia, "Mwanangu, huyo msaidizi wako anashona vizuri." Dada alicheka mpaka akatoka nje.

Nikawaza nimtulize Mama kuhusu lile pazia nililolikata. Nikaanza kusema ni la sebule yetu, nilitaka liishi. Akanikata kauli. Akasema pazia lile alilichukia tangu siku ya kwanza. Aliyelichagua ni baba yenu, na baba yenu hakuwa na jicho la rangi. Yeye alilitundika miaka yote ile kwa sababu Baba alilileta akitabasamu. Akabaki ameshika ile pembe, anaipapasa kwa kidole gumba, chai ikapoa.

Dada aliporudi, nikaona afadhali nimalize jambo. Nikauliza cherehani itakwenda kwa nani. Dada akakaa sawa. Mama akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kawaambia nagawa urithi? Anayejua kuitumia ni mimi. Nakwenda nayo."

Dada alikuwa ameshapaka rangi pembe ya kuiweka sebuleni kwake. Nikajisikia nafuu kidogo.

Mama akaomba sindano mpya, na mabaki ya pazia. Tundu la sindano halioni tena. Akanipa uzi bila kugeuka, kama alivyokuwa akinipa zamani, nami nikaulowesha kwa ulimi na kuutunga mara moja. Akaanza kukanyaga. Kiti kimoja kilikuwa kimejaa vyombo, kingine kina Dada, nikakaa chini sakafuni. Alishona kifuniko cha birika, akanipa mimi.

Jumanne, 12 Agosti

Cherehani imekwenda jana. Mlango wa jikoni unapitika, mke wangu anapita mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nyumba imekuwa kimya kama maji mtungini. Nimekaa kidogo pale ilipokuwa.

Mwalimu wa chekechea kaja kurudisha ngazi. Akakiona kifuniko cha birika mezani, akakishika, akasifu mshono, akauliza ni nani fundi. Mgema akisifiwa, jamani. Nikamwambia ni mimi. Akafurahi. Kumbe wanafunga muhula wiki ijayo, watoto wataimba mbele ya wazazi, na hawana sare. Kaniuliza kama ningeweza.

Nikamuuliza, hilo tu?

Mke wangu ameingia chumbani na kufunga mlango. Kwa kweli sioni tatizo. Sijui kushona nguo za watu wazima, nakubali. Lakini hawa ni watoto. Mtoto mdogo, nguo ndogo, makosa madogo. Nimeshaanza kuzipima kwa macho zile shuka zetu nyeupe.