Majaruba ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo tumeitwa kwenye chama chetu cha akiba na mikopo hapa Mpanda, mimi na Obadia. Kila mmoja anaomba milioni nane za kujenga. Obadia ni fundi cherehani, mpangaji mwenzangu, mlango wake unatazamana na wangu. Kiwanja chake kule Magamba kimepakana na changu. Nikifanya kitu, naye anafanya. Inachosha!

Dada Leticia, afisa mikopo, katueleza njia mbili. Ya kwanza miaka mitatu: kila mwezi unakatwa laki mbili na elfu tisini, na riba inapungua kadiri deni linavyopungua. Ya pili ni ya wakulima: kila mwezi hukatwi kitu, unalipa mara mbili tu, nusu tarehe 30 Juni baada ya mavuno, nusu mavuno ya mwakani. Riba yake ni kubwa, kasema, na ukikosa mavuno umekwisha. Obadia kachagua ya kwanza. Kila mwezi! Mimi karani wa ghala nikikatwa hivyo nitakula nini?

Nataka ya wakulima. Kikwazo ni kidogo tu. Sina shamba.

Jumamosi, 15 Februari

Mpimbwe, nyumbani kwao Felista, mke wangu. Mama yake, mama Tereza, ni mjane. Ana majaruba kumi na mawili ya mpunga na hana kingine. Shemeji Kalisti, kaka wa Felista, alikataa kabisa niyaite yangu. Nikamwambia ni kuonyesha tu, nikamuahidi bati ishirini. Akalainika. Kanipa na gambuti zake. Zinabana mno.

Dada Leticia kafika na pikipiki ya chama. Kauliza maji yanaingilia wapi. Nikamwonyesha. Kumbe ndiko yanakotokea! Nikasema mwaka huu tumebadilisha. Akaandika.

Mara mama mkwe huyo, jembe begani. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani. Ukimwona njiani unampisha. Nikarukia pembeni, matope mpaka magotini. Naye akajifunika khanga, akatupa mgongo. Dada Leticia akamuuliza kama hili ni shamba la mkwewe. Mama wa watu angejibuje nami nimesimama pale? Alinyamaza. Dada Leticia akaandika kwamba familia haina pingamizi.

Mila zetu nzuri sana.

Ijumaa, 28 Februari

Hela imeingia! Karatasi zilikuwa kurasa tisa, nikasaini zote mbio mbio. Dada Leticia kauliza mara mbili kama nimeuelewa ukurasa wa saba. Nikamjibu kwamba karatasi ndiyo kazi yangu. Obadia alizisoma zake moja moja mpaka foleni ikaguna.

Mpango: vyumba sita vya kupangisha, kodi ya mwaka mzima mbele. Hiyo itabeba karibu marejesho yote ya Juni. Kinachopungua kitapatikana.

Nimeanza na geti. La chuma, lina simba wawili. Obadia kaanza na mchanga. Tripu moja!

Jumatatu, 31 Machi

Mwisho wa mwezi. Obadia kakatwa. Mimi mshahara umeingia mzima mzima! Nimenunua nyama kilo mbili, nikamwalika Obadia ili aone. Kala sana.

Fundi wa tofali kanishauri nisubiri kiangazi, eti nani anafyatua tofali masika. Lakini Juni haisubiri mtu. Nimemlipa zaidi. Tofali elfu kumi na mbili sasa zinakauka chini ya turubai, tuzichome wiki ya pili ya Aprili.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua siku nne bila kukoma. Turubai limeondoka na upepo, hatujui limeangukia kwa nani. Tofali zimerudi kuwa udongo. Elfu kumi na mbili! Nilisimama pale nikatamani kulia. Geti lipo, halina kutu hata kidogo.

Obadia ananunua tofali za mwaka jana zilizokwisha kuchomwa, mia mbili mia mbili. Kuta zake zimefika madirishani. Felista kauliza hela imebaki kiasi gani. Nimemwambia ipo. Haipo.

Jumatatu, 30 Juni

Leo ndiyo leo. Zinatakiwa milioni nne na nusu. Nina elfu sabini na geti. Nimezima simu, nikajifungia chumbani tangu asubuhi. Hakuna aliyebisha hodi. Nikaanza kufurahi.

Jioni shemeji Kalisti akampigia Felista. Dada Leticia hakuwa na haja ya kuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja Mpimbwe na ukurasa wa saba. Dhamana ya mkopo ni shamba. Wamepewa siku kumi na nne, la sivyo linauzwa.

Felista hajanipigia kelele. Ningependa apige.

Jumamosi, 12 Julai

Mama mkwe kauza mpunga karibu wote, wa kula na wa mbegu. Gunia arobaini na tano. Zimebaki gunia mbili tu. Kaja kwa basi, kalipa chamani, halafu kaja hapa kwetu.

Nilitaka kumpisha. Chumba kina mlango mmoja, naye alikuwa amesimama mlangoni. Akaiondoa khanga usoni. Miaka kumi na moja ya ndoa, hajawahi kunitazama machoni. Leo alinitazama. Akasema, "Kassiani, mwakani wakija tena, nikalale wapi mwanangu?"

Nilitazama miguu yake, ina nyufa za matope ya majaruba. Aibu niliyoiona leo sijawahi kuiona. Aliondoka na Felista. Felista kabeba sufuria zote mbili.

Jumapili, 3 Agosti

Obadia kapaua. Bati zinang'aa mpaka barabarani. Kaniletea ugali na dagaa, kanipa pole. Bora angenicheka.

Nimeapa kumrudishia mama mkwe gunia zake, Felista arudi. Na njia imepatikana! Kuna chama kingine kimefungua ofisi karibu na stesheni. Wanatoa mkopo wa kumalizia nyumba, miaka kumi, marejesho ya mwezi madogo mno. Kijana wa pale alianza kunieleza jumla yake baada ya hiyo miaka kumi, nikamwambia asijisumbue. Sharti ni moja tu: uwe na nyumba iliyokwisha kupauliwa. Wanakuja kukagua Jumatano.

Obadia kapanda treni leo asubuhi kwenda Kaliua kwenye msiba, anarudi Ijumaa. Kaniachia funguo nimwangalizie nyumba ya Magamba.

Mchana nimelipeleka geti kwake. Linaingia bila hata kukatwa.