Sweta la Kwendea Kwa Dada

Jumatatu, 3 Juni
Dada kajifungua! Mtoto wa kike. Kwa hiyo mimi, ninayejificha chooni wageni wakija, sasa ni mama mdogo wa mtu. Lazima nikamwone likizo hii.

Tatizo: nchi anakofanyia unesi imewekewa tahadhari ya usalama. Viza ya matembezi inatolewa, ila wazazi lazima wasaini kwamba wameielewa tahadhari. Karatasi imeandikwa kwa lugha ya kigeni. Mama ni fundi cherehani, haijui. Akaniuliza inasemaje. Nikaona mapigano mpakani. Nikaona magari kutekwa. Mdomo ukajisemea wenyewe: wasafiri wabebe sweta, kuna baridi kali.

Mama akauliza, ndiyo hayo tu? Akanipima mabega palepale.

Jumatano, 5 Juni
Kaka yangu, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, kaisoma ile karatasi. Kacheka hadi kapaliwa. Nuksi huyo! Anasema atanyamaza, ila nimpigie pasi mashati likizo nzima. Ana mashati kuliko duka.

Sweta langu tayari. Sufu, shingo ndefu. Mama sasa anafuma la mtoto. Jioni kampigia Dada, Dada kasema hali shwari kabisa. Mama akamsisitizia amfunike mtoto vizuri kwa ile baridi. Dada akaitikia tu, ndiyo Mama. Kumbe uongo ni wa ukoo.

Ijumaa, 7 Juni
Ofisi ya viza. Mama kanivalisha sweta. Jasho hadi kwenye soksi.

Picha zipo, barua ya mwaliko ipo, tiketi ya kurudi ipo, bima ipo. Nikaanza kupumua. Ndipo karani wa dirisha la tatu akasema kwamba msafiri akiwa mtoto, yeye humsomea mzazi tahadhari kwa Kiswahili, yote. Nilitamani kuzama ndani ya sweta nisitoke tena. Akasoma mapigano. Akasoma magari. Akasoma kutotembea usiku. Mama akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: na baridi?

Karani akaweka kalamu chini. Baridi gani, mama yangu? Kule jua linapasua mawe!

Mama hakusaini. Njia nzima hakunena. Heri angenichapa.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi Mama kafungua kinywa. Kasema mwanawe kazalia mahali kama pale, na yeye yuko hapa anafuma sweta. Nililia. Naye akalia. Kisha akampigia Dada, akamwambia leo hataki shwari, anataka ukweli.

Dada kautoa wote. Mpakani kubaya kweli, lakini ni mwendo wa siku nzima kutoka kwao. Mjini shule wazi, soko wazi. Usiku hawatoki.

Mama akakata simu. Nikajua yameisha. Halafu akasema hawezi kukaa kwenye cherehani mwanawe akilea peke yake. Atakwenda. Na mimi? Na mimi! Ila atanishika mkono safari nzima, maana siaminiki.

Nimeapa. Uongo, basi!

Jumanne, 11 Juni
Mama kasaini! Karani kapokea maombi yetu yote mawili, tena kanitabasamia. Nikasema ahsante. Kwa sauti! Imebaki sahihi ya Baba tu, maana lazima wazazi wote wawili wasaini.

Baba, dereva wa lori, karudi leo toka safari; naye lugha ile haijui. Mama kapaza sauti toka jikoni: nimsomee baba yangu karatasi, kama ilivyo. Nikaishika. Nikamtazama Baba. Mtu huyu anaogopa hata paka. Akikataa je? Mtoto atajua kutembea sijamwona.

Lakini safari hii nimetumia akili. Nimeulizia hali ya hewa kwanza. Nikamwambia wasafiri wabebe kofia, jua ni kali mno.

Baba kaingiwa na huruma, kaenda kututafutia kofia. Profesa kasimama mlangoni na mashati yake, safari hii kaongeza na shuka. Sijali. Kesho asubuhi Baba anakwenda kusaini, dirisha la tatu, na yatakuwa yamekwisha.