Miezi Mitatu Myeupe kwenye Fishi Yangu

Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024

Sasa hivi Délice amelamba fishi yangu, ile kadi ya mkopo, upande mzima. Nimemnyang'anya, amecheka. Yuko na meno manne tu na anayaonyesha yote. Mtoto wangu! Hajaharibu kitu. Mihuri ya koperative yote ipo, mmoja wa zambarau kwa kila mwezi niliolipa, mpaka mwezi wa tatu. Kisha ziwa likapanda, maji yakaingia mu nyumba za watu na sokoni. Koperative ikasema miezi mitatu, wa ine mpaka wa sita, hakuna wa kulipa. Tulishangilia, mimi zaidi.

Leo nimeona ubaya wake. Nafasi tatu nyeupe! Fishi inafanana na mdomo wa Délice. Nani atanipa mkopo wa pili, wa mashine ya kusaga sombe, majani ya muhogo, na mapengo haya? Mikono imechoka na kinu.

Jumanne, tarehe 7

Nimempelekea karani wetu Libérat mikeke mitatu, samaki wa ziwa wa kukaanga, aniwekee mihuri. Amekataa. Eti mwezi wa maji hauhesabiwi, hauongezi sifa wala kupunguza, fishi inabaki na uzuri wake. Amesema vizuri sana. Mikeke amekula vilevile, na mifupa. Simwamini.

Jumatano, tarehe 8

Mama Lionel wa jirani amepita kusema fishi yake iko nyeupe kama yangu na yeye yuko na amani. Mwenye amani hapiti kwa watu kuitangaza.

Nimechonga nusu ya kiazi kitamu. Wino wa kalamu mbili, bluu na nyekundu. Mihuri mitatu, mizuri kuliko ya Libérat! Délice amepiga makofi.

Ijumaa, tarehe 10

Mkutano. Libérat amepitia fishi, kisha akauliza ni nani huyu aliyekwisha kulipa mwezi wa sita. Tuko mwezi wa tano. Nilijibu kwamba napenda kuwahi. Wamecheka mpaka mwenyekiti Ildephonse akafuta machozi. Halafu akaacha kucheka. Akasema muhuri wa uongo ni alama nyekundu, na mwenye alama hapewi mkopo. Na sisi wamama watano tulikopa kwa dhamana moja: mmoja akichafuka, wote wamechafuka. Niliona mashine inakwenda zake. Nilimkumbatia Délice, nikakiri mambo ya kiazi.

Mama Lionel, mmoja wa wale watano, akasimama.

"Weye Ildephonse, huyu hajaiba hata franga. Ni woga. Hata minye silalagi, nalinda ile fishi kama mugonjwa. Mungetuandikia neno moja tu, asingegusa kiazi."

Kumbe!

Ildephonse amekohoa sana. Ameamua nipewe fishi mpya, mihuri ya kweli irudishwe, na kwa wanachama wote miezi ile iandikwe "Maji", kila mutu asome. Adhabu yangu: kumtwangia Mama Lionel sombe wiki nzima. Nimelia kwa furaha. Anakula sombe nyingi, yule mama.

Ijumaa, tarehe 24

Mkopo umekubaliwa! Nimecheza na Délice mpaka tumeanguka.

Fishi iko mbele yangu, safi. Hili neno "Maji" ni zuri. Herufi nne, kalamu ya bluu, muhuri hakuna. Kalamu ya bluu ninayo. Mwezi wa munane nitataka kupumua kidogo, nisilipe, mashine inakunywa mafuta. Ni kiangazi, ndiyo, lakini ziwa linasomaga kalenda? Nikiiga mwandiko wa Libérat pole pole, hakuna mutu atakaye... Mama Lionel ananiita, eti Délice amepanda juu ya kinu, nakuja, acha tu nimalize hii M na mukia wa